Madoa ya Ngozi na Maumivu ya Tumbo Yaandikwe Karatasi Moja

Hotuba kwa matabibu, wauguzi, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na wananchi, Dodoma, katika kuadhimisha Siku ya Magonjwa Adimu

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wa dini, wazee wangu mliotoka Bahi na Chamwino, matabibu na wauguzi wenzangu, na ninyi wanafunzi wa udaktari ambao kama kawaida yenu mmekimbilia viti vya nyuma: mbukwenyi!

Asanteni kwa kuitikia. Ratiba imenipa nusu saa, na mama anayesimamia chakula ameniomba nisionyeshe picha yoyote ya kidonda kwa sababu nikimaliza tu watu wanakula. Nimemkubalia. Leo mtasikia kwa masikio, na pengine ni afadhali hivyo, maana mgonjwa akija kwako haji na picha ya kitabuni. Anakuja na maneno.

Mimi ni daktari wa patholojia. Ukikatwa kinyama hospitali ukaambiwa urudi baada ya wiki mbili kuchukua majibu, anayekiangalia kwenye hadubini ni mtu kama mimi. Wagonjwa hawatujui sura. Sisi nasi hatuwajui. Tunachokijua ni kichupa, namba, na fomu iliyojazwa haraka haraka. Nitarudi kwenye hiyo fomu, maana hasira yangu yote ya leo iko humo.

Ugonjwa niliouchagua unaitwa ugonjwa wa Degos. Unaziba mishipa midogo ya damu. Kwa kawaida huanzia kwenye ngozi, na kwa baadhi ya wagonjwa huingia hadi kwenye utumbo, na huko ndiko unakoulia. Tangu uandikwe kwa mara ya kwanza, zaidi ya miaka 80 iliyopita, wagonjwa walioripotiwa kwenye majarida ya kitabibu dunia nzima ni kama 200 hivi. Tuliomo ukumbini humu leo tunawazidi.

Najua mnachojiuliza. Tuna malaria, tuna kifua kikuu, tuna taifodi, tuna watoto wenye utapiamlo, halafu daktari anatuletea ugonjwa wa watu 200? Swali hilo ni halali na sitalikwepa. Ila naomba kwanza niueleze ugonjwa wenyewe, kisha mtaamua kama nimewapotezea muda.

Mwaka 1941, vita ikiwa imepamba moto Ulaya, daktari wa Austria aitwaye Walther Köhlmeier aliandika habari za mgonjwa mwenye vidonda vingi vya ngozi na mishipa iliyoziba. Alidhani ni sura nyingine ya ugonjwa wa mishipa uliokuwa unajulikana tayari. Mwaka uliofuata, 1942, daktari wa ngozi Mfaransa, Robert Degos, pamoja na wenzake, walisema hapana, huu ni ugonjwa unaojitegemea. Ndiyo maana vitabu vingine huutaja kwa majina ya wote wawili. Wanafunzi, mtihani hautawauliza mwaka. Nimewatajia ili mjue kwamba hata mabingwa wa Ulaya walianza kwa kuuweka kwenye kapu lisilo lake.

Sasa ngozi. Kinaanza kipele kidogo, cha milimita chache, chekundu au cha waridi kwa mtu mweupe. Mara nyingi hakiwashi wala hakiumi, na hapo ndipo penye mtego, kwa sababu mtu wetu haendi hospitali kwa kitu kisichomuuma. Baada ya siku au wiki kadhaa katikati ya kipele panabonyea, panasinyaa, panakuwa peupe pe, weupe wa kaure. Pembeni panabaki ukingo ulioinuka, wenye vimishipa vidogo vilivyotanuka. Doa zima kwa kawaida halifiki sentimita moja na nusu. Yanaweza kuwa machache ya kuhesabika au yakawa mamia, na hupenda kiwiliwili na mikono. Uso, viganja na nyayo mara nyingi huachwa. Doa likishapona huacha kovu jeupe, wakati mengine mapya yanachipuka pembeni.

Vitabu vingi vya ngozi vimeandikwa kwa kuangalia ngozi nyeupe, na hili tuliseme bila haya. Kitabu kikikwambia tafuta ukingo mwekundu, utautafuta kwenye mkono wa Mgogo hadi jua lizame. Kwa ngozi yetu ule wekundu huonekana kama kahawia iliyokolea, au zambarau, au weusi uliozidi weusi wa ngozi yenyewe. Weupe wa katikati, kinyume chake, kwetu huonekana wazi zaidi kuliko kwa Mzungu. Kwa hiyo anzia kwenye weupe, kisha pitisha kidole. Ukisikia pamebonyea katikati na pameinuka pembeni, geuza mgongo wa mgonjwa kwenye mwanga wa dirisha uangalie tena. Taa za ofisi zetu nyingi hazisaidii kitu.

Hapa Dodoma kuna jambo lingine. Doa jeupe kwenye ngozi ya mtu linaamsha hofu ya zamani. Wazee mliopo mnaikumbuka Hombolo na kambi ya wenye ukoma. Mtu akiona baka jeupe hataki hata jirani alione. Anavaa mikono mirefu katika joto la Novemba, na akifika kwa tabibu anasema tumbo tu. Baka la ukoma lina tabia zake: mara nyingi limepauka badala ya kuwa jeupe pe, na limekufa ganzi, ukiligusa kwa pamba mgonjwa aliyefumba macho hajui umegusa wapi. Isitoshe, ukoma unatibika na dawa zake hutolewa bure. Ukiwa na baka, njoo. Kama ni ukoma utapona, na kama si ukoma tutajua ni nini. Kuficha ndiko kusikokuwa na faida hata moja.

Turudi ndani ya ngozi. Nikikipata kinyama kizuri cha doa la Degos na kukiweka chini ya hadubini, naona sehemu iliyokufa yenye umbo la kabari, upande mpana uko juu ya ngozi na ncha imezama chini. Mkulima wa zabibu wa Chinangali au Mpunguzi hahitaji hadubini kunielewa. Mfereji mdogo ukizibwa, mizabibu inayokauka ni ile iliyokuwa inategemea mfereji huo. Panaanza pembamba pale ulipozibwa, kisha panapanuka kwenda mbele. Kule chini, kwenye ncha ya kabari, ndiko kuna kimshipa kilichoharibika utando wake wa ndani na kujaa damu iliyoganda.

Kwa nini utando huo unaharibika? Chanzo chenyewe hakijathibitishwa. Kilichoonekana, kwenye utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2011, ni kwamba kwenye kuta za mishipa hiyo kumejaa protini za kinga ya mwili ziitwazo komplementi, zile za hatua ya mwisho kabisa, ambazo kazi yake ya halali ni kutoboa bakteria. Hapa zinamtoboa mwenye nyumba. Pia kuna dalili za kemikali nyingine ya kinga, intaferoni alfa, kufanya kazi kupita kiasi. Wengi huanza kuugua wakiwa kati ya miaka 20 na 50, ingawa hata watoto wachanga wamewahi kuupata. Katika familia chache umeonekana kwa zaidi ya mtu mmoja.

Utumbo nao unalishwa na mishipa midogo. Kile kinachotokea kwenye ngozi kikianza kutokea kwenye ukuta wa utumbo, hakuna anayekiona. Mtu anaanza kulalamika tumbo linamnyonga baada ya kula. Anapungua uzito. Anaharisha, au anafunga choo, anatapika, mara nyingine choo kina damu. Tuseme ukweli, ndugu zangu, dalili hizo ukizitaja katika zahanati yoyote ya mkoa huu utatoka na dawa za minyoo, au za taifodi, au za vidonda vya tumbo. Wala simlaumu tabibu anayefanya hivyo. Mara nyingi sana anakuwa sahihi.

Tatizo linakuja pale ukuta wa utumbo unapokufa kipande kipande na hatimaye kutoboka, mara nyingi kwenye utumbo mwembamba. Uchafu unamwagika ndani ya tumbo. Tumbo linakakamaa, mgonjwa hataki hata shuka limguse, homa inapanda. Hiyo ni dharura ya upasuaji, haina mjadala. Daktari wa upasuaji akifungua anakuta tundu, na hapa kwetu tundu kwenye utumbo mwembamba akili inakimbilia taifodi au kifua kikuu cha tumbo. Lakini akitazama vizuri ukuta wa nje wa utumbo anaweza kukuta mabaka meupe yaliyotawanyika hapa na pale, ndugu wa yale yaliyo kwenye ngozi. Anashona tundu moja, na baada ya siku kadhaa panatoboka pengine. Ugonjwa ukishaingia utumboni hivyo, vitabu vya zamani viliandika kwamba wengi hufariki ndani ya miaka miwili au mitatu. Unaweza kwenda pia kwenye ubongo na kuleta kiharusi kwa kijana, kwenye macho, au kwenye utando unaozunguka moyo na mapafu.

Nimewaogopesha vya kutosha. Sasa upande wa pili, ambao kwenye simu zenu hamtaupata kirahisi kwa sababu habari za kutisha ndizo zinazosambaa.

Si kila mwenye madoa ya Degos anaishia huko. Madaktari wa Ujerumani waliwafuatilia wagonjwa 39 na kuchapisha matokeo yao mwaka 2014. Kwa hesabu yao, mtu anapoanza tu kupata madoa, uwezekano kwamba wake utabaki kwenye ngozi ni kama asilimia 70. Ikipita miaka 7 bado uko kwenye ngozi pekee, uwezekano huo unafika asilimia 97. Kwa maneno mengine, kuna watu wanaobeba madoa haya, wanalima, wanazaa, wanazeeka nayo. Nawasihi wauguzi: siku mtakapomwona mtu ameletewa majibu ya namna hii, mwambieni na hizi asilimia. Asiishie kusoma neno "huua" akaenda kuuza ng'ombe wa urithi kwa hofu.

Sasa ile fomu.

Mgonjwa wetu anakwenda kliniki ya ngozi kwa ajili ya madoa. Anaandikiwa krimu. Miezi baadaye anakwenda kwingine kwa ajili ya tumbo. Anaandikiwa vidonge. Anabadilisha kituo kwa sababu kile cha kwanza foleni ndefu, na cha pili wanamfungulia daftari jipya. Lile la zamani limebaki nyumbani limewekwa pamoja na vyeti vya kliniki ya watoto. Anayejua kuhusu ngozi hajui kuhusu tumbo. Anayejua kuhusu tumbo hajamvua mgonjwa shati, kwa sababu kuna watu wengi wanasubiri nje, na kwa sababu mgonjwa ni mama mtu mzima na tabibu ni kijana, na heshima nayo ni kitu. Mwisho wa safari mimi naletewa kichupa chenye kinyama cha ngozi na fomu yenye maneno mawili: "kidonda ngozi". Na alama ya kuuliza.

Jamani, nitajibu nini?

Hadubini haijui historia ya mgonjwa. Mishipa iliyoziba na ngozi iliyokufa yenye umbo la kabari naweza kuikuta pia kwa mgonjwa wa lupasi, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe, au mwenye kasoro fulani za kuganda kwa damu. Kuna madoa ya lupasi yanayofanana na ya Degos kiasi kwamba mabingwa wenyewe wanabishana. Kinachonisaidia kutofautisha ni sentensi moja ya mtu aliyemwona mgonjwa: "Mwanaume wa miaka 34, madoa meupe yaliyobonyea kiwiliwili na mikono kwa miezi sita, anaumwa tumbo na amekonda." Ukiniandikia hivyo, naacha chai yangu inapoa nakuja kukitafuta kinyama hicho, na nitakupigia simu hata kabla sijaandika majibu.

Kuhusu kukata chenyewe: kata doa lililokomaa kiasi, lenye weupe na ukingo wake, ushuke chini hadi kwenye mafuta. Ukiparua juu juu umenipa upande mpana wa kabari na kuniachia mshipa mle mle ndani ya mgonjwa. Kinyama kiingie kwenye formalini, ile dawa ya kuhifadhi kinyama kisioze, ya asilimia 10, na formalini iwe angalau mara kumi ya ukubwa wa kinyama. Kisiwekwe kwenye maji, wala spiriti, wala kwenye pamba iliyolowekwa "ili kisikauke". Nimeshapokea kinyama kilichosafiri kwenye buti la basi kikiwa ndani ya glovu iliyofungwa fundo. Kilikuwa kimeoza. Aliyekituma alikuwa na nia njema kabisa, na mgonjwa akakatwa mara ya pili.

Mashine za kutosha tunazo, au tunakaribia. Hapa jirani, Hospitali ya Benjamin Mkapa inapandikiza figo tangu 2018. Moshi, pale hospitali ya KCMC, kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi tangu 1992, na matabibu wengi waliotoka huko wametawanyika kwenye mikoa yetu. Ulizeni kwenye wilaya zenu, huenda yupo mmoja na hamjui. Muhimbili siku hizi ni saa chache kwa treni ya SGR. Kinachotuangusha kipo kabla ya mashine.

Na matibabu? Hapa nitakuwa mkweli, kwa sababu mtu akitoka hapa na matumaini ya uongo nitakuwa nimemkosea. Aspirini na dawa nyingine za kuzuia chembe sahani za damu kushikana hutumika, na kwa baadhi hupunguza madoa ya ngozi. Dawa za jamii ya steroidi, ambazo tumezoea kuzikimbilia kila tukiona ugonjwa wa kinga, hazijaonyesha faida hapa. Kuna dawa iitwayo ekulizumabu, iliyoingia sokoni mwaka 2007 kwa ajili ya ugonjwa mwingine wa damu, ambayo inazuia zile protini za komplementi. Imewasaidia baadhi ya wagonjwa wa Degos waliokuwa mahututi, ila kwa wengine ugonjwa uliendelea, ndipo madaktari wakaongeza dawa nyingine, treprostinili, ambayo asili yake ni ya shinikizo la damu kwenye mapafu. Bei ya ekulizumabu Marekani ilikuwa inapita dola 400,000 kwa mwaka, kwa mtu mmoja. Sitaki hata kuibadilisha kuwa shilingi mbele ya mzee aliyeuza gunia la uwele kupata nauli ya kuja hapa.

Kwa hiyo mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuniuliza: kama dawa hatuna, kujua jina la ugonjwa kuna faida gani? Nilimpenda kwa swali hilo. Faida ipo hata bila dawa ya dola laki nne. Mgonjwa anaacha kumeza dawa za taifodi asiyokuwa nayo. Daktari anaacha kumjaza steroidi. Familia inaambiwa mapema: tumbo likibadilika ghafla, usisubiri asubuhi. Daktari wa upasuaji anajua kabla ya kufungua kwamba tundu huenda si moja, na kwamba amkague utumbo wote. Anaweza pia kuchungulia kwa kamera kupitia matundu madogo kabla mambo hayajaharibika, kwa sababu mabaka ya nje ya utumbo kamera ya kumezeshwa mdomoni inaweza isiyaone. Na yule ambaye wake umebaki kwenye ngozi anarudi nyumbani akiwa na asilimia zake. Hivyo vyote vinagharimu shati kuvuliwa na kalamu.

Na sasa nawajibu mliouliza kuhusu watu 200. Tabia hii ya kuuliza ngozi unapoambiwa tumbo, na kuuliza tumbo unapoonyeshwa ngozi, siku nyingi haitakuletea Degos. Itakuletea mtoto wa miaka sita mwenye vidoa vya zambarau miguuni na makalioni, vimeinuka, magoti yamevimba, tumbo linamkata. Kwenye ngozi nyeusi vidoa hivyo mama atasema ni mbu. Hiyo ni vaskulitisi ya IgA, ugonjwa wa mishipa midogo ya ngozi na utumbo pia, ila huu unatokea mara nyingi zaidi, na watoto wengi hupona wenyewe. Unachotakiwa ni kumpima mkojo, na kurudia kumpima kwa miezi, kwa sababu hatari yake ya kimya iko kwenye figo. Ukimwandikia dawa ya tumbo tu ukampa mkono wa kwaheri, figo hujaziangalia.

Itakuletea mtu mwenye virusi vya UKIMWI mwenye mabaka ya zambarau iliyokolea mguuni na choo cheusi: saratani ya Kaposi, ambayo nayo inatoka kwenye mishipa, na inaweza kukaa ngozini na utumboni kwa wakati mmoja. Itakuletea binti mwenye lupasi. Itakuletea mzee anayeishi peke yake, anakula ugali na chumvi, ngozi ya shingoni na mikononi imeungua pale tu jua linapofika, anaharisha na ameanza kusahau majina ya wajukuu. Hiyo ni pelagra, wala si ya mishipa, ni upungufu wa vitamini aina ya niasini, na inapona kwa vidonge vya bei ndogo na chakula. Mzee huyo akienda kwa daktari wa ngozi peke yake anapata mafuta. Akienda kwa wa tumbo peke yake anapata dawa ya kuharisha. Akibaki nyumbani wanasema amerogwa. Kati ya wote niliowataja huyu ndiye ananiuma zaidi, kwa sababu ndiye rahisi kuliko wote.

Basi, nimemaliza yangu. Maswali nimeyapokea kwa karatasi, nitajibu machache kabla mama wa chakula hajanifuata.

Mama wa Chamwino ameuliza kama ugonjwa huu unaambukiza, amtenge mtoto au vipi. Hapana mama, hauambukizi. Lala naye, kula naye, mvalishe nguo za ndugu zake.

Kijana wa mwaka wa tatu anauliza atautofautishaje na mbalanga. Mbalanga ni bapa, ngozi haijabonyea wala haijasinyaa, imepoteza rangi tu. Na hupenda uso, vidole na maeneo ya mdomo, kule ambako Degos mara nyingi hakuendi. Pitisha kidole, kijana, kidole hakiishi chaji.

Mzee mmoja, hakuandika jina, anasema watu watakwenda kwa mganga kwanza, tufanyeje. Mzee wangu, shikamoo. Ni kweli, wengi watapitia huko, na tukiwagombeza hawatatuambia. Mimi nawaomba wauguzi waulize kwa upole kama mgonjwa alichanjwa chale tumboni, lini na wapi, kwa sababu makovu ya chale yakichanganyika na madoa, tabibu anaweza kuyadhania yote ni chale. Chale huwa mistari, tena imepangwa. Madoa haya ni ya mviringo, yametawanyika bila mpango wowote. Na mganga akiwepo ukumbini, karibu sana. Ukiona madoa ya namna hii kwa mtu anayeumwa tumbo, mlete, utakuwa umemsaidia.

La mwisho ni la tabibu wa zahanati huko Mpwapwa: hana formalini, hana kisu cha kukatia kinyama, afanye nini? Usikate. Andika ile sentensi moja, umri, madoa yakoje na yako wapi, tumbo limeanza lini, uzito wake, umpe rufaa na daftari lake la zamani alibebe, hata kama limechanika. Ila ukimkuta tumbo limekakamaa na hataki kuguswa, tafuta gari kwanza. Sentensi mtaiandika mkiwa njiani.